Klachi mpya ya Hilux inateleza gari likipata moto: nishushe giaboksi au niangalie masta?

MwandigaKwetu:

Wakuu, habari za kazi. Naombeni macho yenu kabla sijaingia gharama mara ya pili.

Gari ni Toyota Hilux dizeli, injini 5L, gia tano, klachi ya mafuta. Linabeba maharage na ndizi kutoka Manyovu kuja Kigoma mjini. Miezi minne iliyopita lilifungwa pleti mpya, presha pleti mpya na beringi ya rilizi. Masta silinda (pampu ya juu inayosukumwa na pedali) ni ileile ya zamani. Slevu (silinda ya chini inayopokea mafuta na kuachisha klachi) ilibadilishwa mpira tu.

Asubuhi linashika vizuri, unaachia pedali katikati linaondoka. Baada ya kilomita 20 hadi 30, hasa kwenye kupandisha na mzigo, resi inapanda lakini gari haliendi, harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Wakati huo pedali inakuwa ngumu kuliko asubuhi, na klachi inashikia juu kabisa, karibu uachie yote. Ukilipaki saa nzima likapoa, linarudi kuwa zima kana kwamba hakukuwa na kitu. Gia zote zinaingia bila kukwaruza, rivasi pia. Chini hakuna tone linalovuja.

Fundi anasema pleti ni feki, tushushe giaboksi tena. Nyie mnaonaje?

---

Fundi_Gungu:

Mkuu, usishushe giaboksi bado. Pleti feki nayo inaweza kuteleza zaidi ikipata moto na kupata nafuu ikipoa, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi kuihukumu. Kubwa ni hili: pleti haiwezi kuifanya pedali ibadilike ndani ya safari moja, iwe ngumu na ishikie juu, kisha irudi ikipoa. Klachi inayokuwa nzima ikipoa na kuteleza ikipata moto, huku pedali ikipanda, mara nyingi ni mafuta yaliyofungiwa kwenye mfumo, hayapati njia ya kurudi kwenye kopo la mafuta.

Ndani ya masta kuna njia ndogo ya kurudishia mafuta. Masta nyingine ni katundu, pini tu ndiyo inapenya. Nyingine ni valvu ndogo. Mguu ukiwa nje ya pedali, pistoni inatakiwa irudi nyuma kabisa mpaka njia hiyo iwe wazi. Sasa slevu imekaa ubavuni mwa giaboksi, joto lote la injini linaifikia. Mafuta yakipata joto yanatanuka. Njia ikiwa wazi, ile ziada inapanda kwenye kopo na dereva hasikii lolote. Ikizibwa, ziada inaisukuma slevu, slevu inasukuma foku (mkono wa klachi), foku inasukuma beringi, beringi inaibonyeza presha pleti kidogo kidogo. Gari linapanda mlima kama vile kuna mtu ameegesha mguu kwenye klachi safari nzima. Hapo hata ukifunga pleti iliyotoka kiwandani Japani itateleza vilevile, na fundi atakwambia tena ni feki.

Wanaozuia mafuta yasirudi ni watatu:

Wa kwanza ni pushi rodi ya pedali (fimbo inayosukuma pistoni ya masta) iliyorefushwa kupita kiasi. Hii inatokea sana baada ya kufunga klachi mpya: fundi anaona pedali iko chini, anaizungusha pushi rodi kuirefusha mpaka plei yote (nafasi ya bure kabla ya ugumu) inaisha. Pistoni hairudi mwisho, tundu halifunguki.

Wa pili ni mpira wa masta uliovimba, na unavimba kwa sababu mtu aliongeza mafuta yasiyo ya breki. Haidroliki ya sterini, oili ya injini, hata dizeli ya kuoshea ikibaki kwenye kopo, vyote vinavimbisha mpira wa masta.

Wa tatu ni hozi ya mpira inayoshuka kwenye slevu. Kwa nje inaonekana nzima, kwa ndani imevimba au ngozi yake imebanduka. Mguu una nguvu za kupitisha mafuta kwenda chini, lakini springi ya presha pleti ikiyarudisha taratibu, kile kigozi kinaziba.

Vipimo vyake havina gharama, ila fanya kwa mpangilio huu.

Anza gari likiwa la baridi. Bonyeza pedali kwa kidole, usitumie mguu. Mwanzoni kabisa utasikia ulaini, kisha ugumu unaanza. Ulaini wa pushi rodi kwa Hilux hizi unatakiwa uwe milimita 1 hadi 5 ukipimia kwenye pedali, na plei yote mpaka beringi inapoanza kusukuma ni milimita 5 hadi 15. Kama kidole kinakutana na ugumu papo hapo, mwizi umeshampata.

Kisha chota mafuta ya kwenye kopo la klachi, matone matano hivi, tia kwenye glasi ya maji safi, koroga. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yanapotelea ndani ya maji. Ukiona macho ya mafuta yanaelea juu, kuna oili humo. Rangi nyekundu nayo inakwambia ni haidroliki. Nyeusi kama wino ni mpira unaokatika vipande.

Cha mwisho ndicho kinachokata kesi. Liendeshe mpaka lianze kuteleza, paki tambarare, hendibreki juu, vigingi kwenye matairi, zima injini. Usipoteze muda, likipoa ushahidi umeondoka. Shika spana ya paipu namba 10, weka kitambaa, legeza kidogo nati ya paipu pale inapotokea kwenye masta. Mafuta yakiruka kwa presha na pedali ikarudisha ulaini wake, tatizo ni masta au pushi rodi. Yasiporuka, kaza, shuka chini ufungue blida ya slevu, ile nati ndogo ya kutolea hewa. Ni namba 8 au 10 kutegemea slevu iliyofungwa. Yakiruka hapo na foku ikarudi nyuma, hozi ndiyo imeziba. Angalia mkono, ekzosi inakuwa ya moto sana pale, na macho yasikae usawa wa blida.

Kama kote hayaruki na bado linateleza, hapo ndipo tuzungumze habari ya slevu iliyokwama, beringi iliyonasa kwenye bomba lake, au pleti.

---

Spea_Mwanga:

Fundi amesema vizuri, ila mimi siitoi pleti kwenye lawama moja kwa moja. Tuseme kweli ni masta. Hiyo pleti imeteleza milimani miezi minne ikiwa na mzigo. Ukitengeneza masta leo, utabaki na pleti ambayo uso wake umeungua ukawa kama kioo, na presha pleti yenye madoa ya bluu. Springi ya presha iliyochemka mara nyingi inapoteza nguvu na hairudi.

Kwa hiyo ukishamaliza upande wa mafuta, pima klachi yenyewe. Tambarare, hendibreki imekazwa, mguu wa breki umekanyagwa, ingiza gia ya tatu, pandisha resi kidogo tu, achia klachi. Injini ifie hapohapo. Ikiendelea kunguruma sekunde moja au mbili gari limesimama, pleti haishiki. Mara moja inatosha. Kuna watu wanarudia mara tano ili kuhakikisha, na kipimo chenyewe kinamaliza klachi.

Na ukilazimika kushusha giaboksi, usinunue kwa kutazama boksi. Beba pleti ya zamani dukani. Hesabu meno ya katikati, pima kipenyo kwa rula, linganisha urefu wa kitovu kila upande. Ingiza pleti mpya kwenye shafti ya giaboksi ukiwa chini bado: iteleze kwa uzito wake bila kulazimishwa, na isicheze kama kofia kwenye kichwa kidogo. Zile pleti za kubandikwa laini (ule uso wa kusugua) upya zipo nyingi na bei yake inavutia. Kwa gari la mjini linaweza kusogea. Kwa barabara ya Manyovu na gunia juu, sikushauri, kwa sababu springi za kitovu ni zilezile zilizochoka, na laini ikibandikwa vibaya inapasuka kwenye mashimo ya riveti.

---

Mlima_Kasulu:

Swali dogo wakuu. Oili kutoka injini ikiingia kwenye klachi, dalili zake si hizihizi?

---

Fundi_Gungu:

Zinakaribiana, lakini kuna tofauti mbili. Klachi yenye oili inatetemesha gari wakati wa kuondoka, hasa rivasi, halafu pedali haibadiliki: haipandi wala haiwi ngumu. Tazama chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa na unyevu, gusa kwa kidole unuse. Oili nyeusi nyepesi inatoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Oili nzito yenye harufu kali ya salfa ni ya giaboksi, sili ya shafti ya mbele. Ikiwa nyepesi na inateleza kama sabuni, ni mafuta ya breki kutoka slevu. Pleti iliyolowa oili haioshwi kwa petroli ikapona. Oili inaingia ndani ya laini, ukipandisha mlima joto linaikamua tena juu. Badilisha pleti, na sili iliyosababisha ibadilishwe siku hiyohiyo giaboksi ikiwa chini. Kuiacha sili ya nyuma eti inavuja kidogo, wakati giaboksi iko chini, ni kumwandalia mteja gharama ileile tena.

---

Mtemi_Tbr:

Wa Tabora nachangia na kuuliza. Huku kwetu tambarare tupu, klachi inaweza kuanza kuteleza miezi miwili dereva asijue, kwa sababu hakuna mlima wa kumsuta. Kipimo cha huku: barabara nyoofu, gia ya nne, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Resi ikipanda haraka kuliko mwendo, klachi imeanza.

Swali langu: Kirikuu ya Suzuki Carry, klachi ya kebo. Nayo inaweza kupata ugonjwa huu wa mleta mada?

---

Fundi_Gungu:

Ugonjwa wa mafuta kufungiwa hapana, kwa sababu haina mafuta. Ila kebo ikikazwa mno, matokeo ni yaleyale: beringi haipumui. Kwenye mkono wa foku pale chini acha plei ya milimita 2 hadi 4, unaisukuma kwa kidole unausikia mchezo. Jinsi pleti inavyolika, plei inapungua yenyewe, kwa hiyo lazima kebo ilegezwe mara kwa mara. Wengi wanadhani klachi ikianza kuteleza unakaza kebo. Ni kinyume chake. Na kebo ikiwa ngumu kwa vumbi na kutu ndani ya ganda lake, pedali itakuwa nzito na itarudi kwa uvivu. Badilisha tu, usimwagie oili ukitegemea miujiza.

---

MwandigaKwetu:

Nimerudi na majibu. Plei ya kidole: hakuna kabisa, ugumu unaanza hapohapo. Kipimo cha maji: mafuta yana wekundu na macho yanaelea juu ya glasi. Likiwa la moto, kwenye nati ya masta mafuta yameruka na klachi ikashika palepale. Fundi wangu ameshuhudia mwenyewe, amekubali tusishushe. Sasa naombeni utaratibu wa kutengeneza.

---

Fundi_Gungu:

Una makosa mawili kwa pamoja: pushi rodi imekazwa, na kuna haidroliki kwenye kopo. Ukirekebisha pushi rodi peke yake utapata nafuu ya wiki, halafu mpira uliovimba utakurudisha palepale.

Kabla ya yote, fungua kopo la mafuta ya breki. Lipo jirani na la klachi, na mkono ulioweka haidroliki huku huenda uliweka na kule. Fanya kipimo cha glasi. Yakielea, gari lisitoke kabisa mpaka mfumo mzima wa breki uoshwe na mipira yote ibadilishwe, kwa sababu breki zitaanza kukamata zenyewe hivihivi, au zitakosekana. Hili nalisisitiza kwa gari linaloshuka Manyovu na mzigo.

Upande wa klachi, nunua masta mpya nzima au repea kiti (seti ya mipira) yake, hozi mpya, repea kiti ya slevu, na chupa mbili za mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4 za nusu lita, zilizofungwa bado. Chupa iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu hewani. DOT 5 ni ya silikoni, usiichukue. Masta soma namba ya kipenyo iliyogongwa mwilini mwake, mfano inchi 5/8 au 11/16, upate ileile. Kubwa zaidi itakupa pedali nzito, ndogo zaidi gia zitakwaruza kwa sababu foku haisogei ya kutosha.

Mimi napendelea masta mpya. Ukiamua kubadilisha mipira tu, ifungue, ifute, imulike kwa tochi ndani. Ukiona vishimo vya kutu au mstari ambao kucha inaukamata, mpira mpya utakatika hapo ndani ya muda mfupi. Usipige msasa kuufuta, unapanua silinda. Mipira ipake mafuta ya breki yenyewe wakati wa kuingiza, grisi ya kawaida itaivimbisha kama haidroliki. Na kopo la plastiki lioshe, pamoja na mpira wa mfuniko, maana nao umenyonya.

Paipu ya chuma kati ya masta na hozi isiachwe na mafuta ya zamani. Ikiwa imefunguliwa pande zote, mimina mafuta mapya ya breki yapite mpaka yatoke safi. Ndiyo maana chupa ni mbili.

Kabla hujafunga masta, ijaze ukiwa umeishika mkononi: mimina mafuta, sukuma pistoni taratibu mpaka vipovu viishe. Inapunguza kazi ya kutoa hewa kwa nusu. Kisha funga vyote, jaza kopo. Mmoja ndani, mmoja chini na kimpira kwenye blida kikiingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Wa ndani akanyage taratibu mara tano, ashikilie chini. Wa chini afungue blida robo mzunguko, mafuta yatoke, afunge, ndipo aseme achia. Akiachia kabla blida haijafungwa, hewa inaingia tena na mnaanza upya. Kila mara tano tazama kopo lisikauke. Endelea mpaka yatoke bila kipovu na rangi ya mafuta mapya. Yakimwagikia bodi mwagia maji mengi mara moja, yanabandua rangi.

Sasa plei. Juu ya pedali, chini ya dashibodi, legeza loknati ya pushi rodi, mara nyingi ni namba 12. Zungusha rodi kwa vidole uifupishe mpaka upate ulaini wa milimita 1 hadi 5 kwenye pedali. Kaza loknati huku umeshikilia rodi isizunguke nayo. Rudia kupima baada ya kukaza, kwa sababu ndipo inapohama. Fungua kopo, mtu akanyage pedali kidogo kidogo: kwa masta za katundu utaona mafuta yanaruka kidogo juu mwanzo wa kukanyaga. Huo ndio uthibitisho kwamba tundu liko wazi.

Injini ikizunguka bila resi, kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde nne, ingiza rivasi. Iingie kimya. Ikikwaruza, bado kuna hewa, usirudi kurefusha rodi.

---

Spea_Mwanga:

Nyongeza kuhusu slevu. Kuna mtindo mitaani wa kuweka nati au kipande cha boliti kati ya rodi ya slevu na foku ili klachi ishike juu. Kagua kama hakipo. Kikiwepo kinaondoa nafasi ya slevu kurudi, na utarudi kwenye kuteleza hata masta ikiwa mpya. Tazama pia kile kimpira kinachoziba tundu la foku kwenye nyumba ya klachi. Kikipasuka, vumbi jekundu linaingia, linachanganyika na grisi kwenye bomba la beringi, linakuwa kama dawa ya kusagia. Beringi inaanza kukwama, na hapo dalili zake zinafanana sana na hizi zako. Bei yake ni ndogo, kifunge.

---

MwandigaKwetu:

Kopo la breki nimelipima, mafuta yamepotelea kwenye maji yote, yako salama. Masta mpya, hozi na repea kiti ya slevu vimefungwa, plei ni milimita 3, kimpira cha foku kilikuwa kimechanika kimewekwa kipya. Kipimo cha gia ya tatu injini imezima papo hapo. Mwandiga mpaka Manyovu na gunia kumi, pedali imebaki palepale ilipokuwa asubuhi. Kwenye mlima mkali zaidi kulikuwa na harufu kidogo mara moja, resi haikupanda. Je, nifungue?

---

Fundi_Gungu:

Usifungue. Pleti iliyong'aa kidogo hunukia mwanzoni, uso wake unajisugua ukirudi sawa. Wiki mbili punguza mzigo, ingia mlimani na gia ndogo mapema kuliko kubadilisha katikati, na gari likisimama kwenye mwinuko lishikwe na hendibreki, sio na klachi nusu. Pima tena kwa gia ya nne kama alivyoeleza mkuu wa Tabora. Resi ikikimbia mwendo, hapo ndipo giaboksi ishuke, na ikishuka flaiwili (gurudumu la injini ambalo pleti inabanwa juu yake) ipimwe: ikiwa na madoa ya bluu au nyufa nyembamba kama nywele, ipelekwe leisi (mashine ya kukereza) kabla ya pleti mpya kuigusa. Ukifunga, boliti za presha pleti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, mwisho Nm 19, na giaboksi isining'inie kwenye pleti hata dakika moja; inakunja kitovu, na pleti iliyokunjika haitaachia gia vizuri hata masta ikiwa mpya.